Kinamasi Kimenyamaza

Mtu akikuuliza jambo nawe ukanyamaza, umesema nini? Swali dogo, tena la kipuuzi ukilitazama juu juu, lakini wako watu waliolala nalo wakaamka nalo mpaka wakaingia nalo kaburini. Katika nchi hii ninayoisimulia, ambayo haina jina kwa kuwa hakuna aliyewahi kutoka nje yake akahitaji kuitaja, swali hilo lilikwisha kujibiwa zamani: anyamazaye ameridhia. Ndivyo walivyoozwa wanawake, ndivyo yalivyogawanywa mashamba. Na ndivyo, mwenzangu, ilivyotawaliwa nchi nzima, maana huko mwenye kauli ya mwisho hakuwa Jumbe wala baraza lake. Mwenye kauli ya mwisho alikuwa kinamasi.

Cheka ukitaka. Ukimaliza tutaendelea.

Kinamasi kilikuwa bondeni, si mbali na mji. Ukiinjika uji huku juu, ukateremka kuchota maji na kurudi, unaukuta ndiyo kwanza unatokota. Humo waliishi vyura. Wako waliokuwa wadogo kama ukucha wa kidole gumba, kijani kibichi, wenye sauti kubwa kuliko miili yao. Wako wazito wa nchi kavu, ngozi yenye vipele tele, ambao hawana haraka na kuruka wakiweza kutembea. Wako wa mitini, wanaopiga povu jeupe kwenye matawi yaliyoinamia maji na kutaga mayai humo. Povu likilainika, watoto hudondoka majini mmojammoja, pwa, pwa. Na wako mabwana wakubwa wa kwenye tope, wanaokoroma kama mtu aliyerudi harusini. Mvua ikinyesha wote hulia kwa pamoja, usiku na mchana, hata mtu hasikii anachowaza.

Inasemekana watu walipofika katika nchi ile waliwakuta vyura wameshakaa. Wakaona haya. Wakaapa kwamba hawatafanya jambo kubwa bila ya kuwauliza wenyeji. Nia njema kabisa, na ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Palipokuwa na shauri zito, baraza lilimtuma Mpeleka Swali. Alikuwa mwanamke siku zote, na kazi ilishuka kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mbele yake alitangulia mpiga upatu, ile sahani ya shaba inayogongwa kwa kijiti, ili wenyeji wajue kuwa wanaletewa mgeni wa heshima. Wakifika ukingoni, mpiga upatu huupiga kwa nguvu zake zote, na kinamasi kilichokuwa kikilia hunyamaza papo hapo, ziii. Mwanamke huuliza swali. Kimya. Basi huchota maji kwa kiganja, huyatia mdomoni yakamjaa, akageuka na kupanda nayo. Kwa sababu kimya, walisema wahenga wa nchi ile, hakibebeki kwa mkono wala kwa kapu; hubebwa kwa mdomo uliojaa, usioweza kuongeza neno wala kupunguza. Mbele ya baraza huyameza. Hapo mpiga upatu husema, "Kinamasi kimenyamaza," na watu wote huitikia, "Kimeridhia."

Kwa njia hiyo kinamasi kiliridhia msitu wa juu ukatwe. Kiliridhia watu wa ng'ambo wafukuzwe, na walipokwisha kufukuzwa kikaridhia wasahauliwe. Kiliridhia Jumbe Mwinyimvua atawale msimu mmoja, kikaridhia aongezewe mwingine, na mwingine, mpaka watu wakaacha kuulizana ni msimu wa ngapi. Hata siku moja hakikukataa.

Najua unalotaka kusema. Na zile kelele za usiku kucha, hawakuzisikia? Walizisikia sana. Lakini hayo, walisema, ni mazungumzo yao ya nyumbani, hayatuhusu. Jibu ni lile linalotolewa baada ya swali. Tena Jumbe alikuwa na neno lake alilolipenda, kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na kila alipolisema watu walicheka vile vile walivyocheka mara iliyotangulia. Ni methali nzuri. Ng'ombe ndio wanaoipenda zaidi.

Mpeleka Swali wa wakati huo aliitwa Sikudhani. Mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye tabia ya kupepesa macho kabla ya kujibu, hata ukimuuliza bei ya mchicha. Alipokuwa msichana akijifunza kazi alimuuliza mama yake: kikikataa, kitasemaje? Mama yake, aliyekuwa na koo la kukwaruza kwa maji mengi ya kinamasi aliyoyameza, alifikiri sana, kisha akamwambia hajui, maana hakijawahi kukataa, na hebu amsogezee ungo. Mazungumzo yakaishia hapo, na mama akafa bila ya kuyarudia.

Yeye mwenyewe, Sikudhani, aliozwa kwa kimya. Aliketishwa chumbani amefunikwa kanga gubigubi, na nje ya pazia sauti ya mwanamume ikauliza kama ameridhia kuolewa na fulani bin fulani. Ulimi ulimkauka. Hakuwa amekataa na hakuwa amekubali. Alikuwa anaogopa, basi, kama anavyoogopa mtoto akiitwa na sauti asiyoijua. Kungwi wake akasema kwa furaha, "Kanyamaza, ana haya, karidhia," na vigelegele vikapaa kabla hajapata mate ya kulowesha ulimi. Mume hakuwa mtu mbaya. Waliishi miaka mingi, akamwita mwenzangu, akamnunulia nguo kila sikukuu, akafa. Lakini kile kimya cha siku ile hakikumtoka. Kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na wala hakuna aliyejua, kwa sababu hakusema.

Sasa siku ninayoisimulia, masika yamekolea, baraza lilikuwa na swali moja. Jumbe Mwinyimvua alitaka kukifukia kinamasi ajenge baraza jipya juu yake. Sababu aliieleza kwa upole, kama alivyokuwa akieleza mambo yote: kwa nini kauli ya mwisho ikae bondeni kwenye tope, na watu wapate taabu ya kuteremka? Kiti chake kikiwekwa papo hapo penye kauli, mambo yatakwenda upesi. Vijana walikuwa wameshasimama kwenye ukingo wa mteremko na majembe yao, na pembeni udongo mwekundu umerundikwa chungu chungu. Kilibaki kitu kimoja tu. Sikudhani ateremke akawaulize vyura kama wanaridhia kufukiwa. Akimeza maji, udongo unashuka kabla ya magharibi.

Hakuna aliyecheka. Sikudhani alipepesa macho, akajifunga kanga kiunoni, akavaa ndara zake za ngozi, akamfuata mpiga upatu. Huyo aliitwa Ngwali, mzee mwenye moyo mweupe aliyependa kazi yake kuliko chakula. Njiani alimweleza Sikudhani kwamba ameusugua upatu kwa majivu na ndimu, kwa heshima ya siku yenyewe, na leo wenyeji wataisikia heshima mpaka kwenye mifupa. Sikudhani alikuwa na uchungu. Nasema hivyo hivyo bila kuupamba: alikuwa na uchungu, na miguu ilikwenda.

Walipofika, bonde zima lilikuwa likilia. Ngwali akaupiga upatu. Ziii. Sikudhani akasimama mahali pake pa siku zote, chini ya tawi lililoning'inia povu, akauliza kwa sauti ya kazi, "Wenyeji, mnaridhia kufukiwa?" Kimya. Ngwali akainamisha kichwa kwa adabu, akageuka, akaanza kupanda huku akipiga upatu wa kurudi, mlio wake ukififia mateteni. Ilikuwa desturi atangulie, na mwanamke afuate nyuma upesi, mdomo umejaa.

Ila siku hiyo mguu wa Sikudhani ulizama. Tope lilimshika mpaka gotini, na kila mtu aliyekulia karibu na kinamasi anajua kwamba tope halishindwi kwa kukukuruka. Unatulia, unaliacha likuzoee, ndipo unachomoa. Akatulia. Upatu ukapotea kabisa. Akawa hapumui ila kwa pua.

Na karibu na goti lake, kutoka kwenye jani la tete, kichura kimoja kikasema kro. Kikangoja. Kikasema tena. Akaitikia mwingine wa ng'ambo, halafu wale wa mitini, halafu mabwana wa kwenye tope, na kabla hajaelewa kinachotokea bonde zima lilikuwa limerudi kwenye kilio chake, na yeye yumo katikati, mguu mmoja ardhini.

Miaka yote ile hajawahi kusikia wakirudi. Siku zote alikuwa ameshaondoka, na upatu uko mbele yake.

Akainua mkono. Wakanyamaza. Akautuliza mkono. Wakaanza. Akauinua tena, wakanyamaza, akautuliza, wakaanza. Akacheka peke yake, cheko la pumzi tu asije akawatisha, na cheko likageuka likawa kilio, machozi yakamshuka hata kidevuni asithubutu kuyafuta. Hawakuwa wakinyamaza kwa sababu ya swali. Walinyamaza kwa sababu ya upatu.

Basi ule msitu wa juu. Basi wale watu wa ng'ambo, na vyungu vyao walivyoviacha mafigani. Basi ile misimu ya Jumbe, mmoja juu ya mwingine. Hakuna aliyeridhia chochote. Kilichokuwapo ni viumbe waliosikia kishindo wakajikunyata, na nyuma ya kishindo anasimama mtu amejaa adabu, anawauliza maoni yao. Unamtisha mtu, kisha unamuuliza, kisha unamshukuru kwa jibu lake. Je, huo ndio utawala, au utawala ni kitu kingine na huu ni mfano wake tu? Na yule aliyebuni upatu, alijua? Au naye alikuwa na moyo mweupe kama Ngwali, akidhani anapiga heshima? Sikudhani alitamani awe alijua. Mtu mwovu mmoja, aliyekufa zamani, ni mzigo mwepesi kuliko watu wema wengi walio hai.

Akauliza tena, kwa sauti ya kawaida, bila kutikisika, "Mnaridhia kufukiwa?" Hawakunyamaza. Walilia vile vile. Sijui kama hilo lilikuwa jibu. Yeye pia hakujua. Huenda vyura hawana habari na baraza wala na Jumbe. Wanaitana mume na mke, wanaambiana mvua imekuja, na hayo kwao ni makubwa ya kutosha. Hakujua walichosema. Alijua tu kile ambacho hawajawahi kukisema.

Na hata hivyo mkono wake ukachota maji. Usimlaumu. Mkono ulikuwa umefanya kazi ile tangu ujana wake na haukungoja amri. Maji yakamjaa mdomoni, mguu ukachomoka, ndara ikabaki topeni, na alipokwisha kupiga hatua za kwanza ndipo akahisi kitu kikimgusa ulimi. Kitu laini, kinachotikisika. Kutoka kwenye povu la tawini kilikuwa kimemdondokea kiganjani kiluwiluwi kimoja, mtoto wa chura, kichwa na mkia basi, naye amekitia kinywani pamoja na maji.

Kutema? Kutema hakukuwamo katika kazi yake. Hakuna aliyewahi kutema. Akashikilia.

Sasa ile njia ilikuwa na tabia zake. Kwa wenye mikono mitupu ilikuwa fupi. Kwa mwenye kubeba ilirefuka. Sikudhani alipanda, na uji wowote uliokuwa jikoni ungekwisha kupoa. Akapanda, ungekwisha kuchacha. Kiluwiluwi kikazunguka ndani ya shavu la kulia, kikahamia la kushoto. Jua halikusogea, ila nywele zake zilisogea: alipojipangusa jasho mkono ulirudi na unywele mweupe. Mawazo yakamjia vipande vipande, maana mdomo uliojaa hukata hata fikra.

Nikimeza, kinakufa. Nikimeza, wote wanakufa. Nikifungua mdomo maji yanamwagika, na maji yakimwagika hayazoleki. Mama, ulimeza vingapi? Ndiyo maana koo lako. Ndiyo maana hukunijibu. Au ulinijibu, ule ungo ndio uliokuwa jibu. Nani anatembea hapa, mimi au mama? Miguu ni ya mama. Hii ndara moja ni ya nani?

Kwenye kona ya njia kiluwiluwi kilikuwa kimeota miguu ya nyuma. Alizihisi nyayo zake zikimsukuma ufizi.

Hapo akakuta nyumba kando ya njia, nyumba isiyokuwapo wakati wa kushuka. Mlangoni amekaa msichana aliyefunikwa kanga gubigubi. Msichana akainua upindo wa kanga, na uso uliokuwa chini yake Sikudhani aliujua kama anavyoujua uso wa mtu aliyezoea kumwona kwenye maji. Ni yeye, wa siku ile, ulimi mkavu. Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wakicheka na kuchambua mchele, na nyuma ya pazia mwanamume alikuwa akisafisha koo.

"Mama," msichana akamwambia, "wataniuliza sasa hivi. Nisemeje?"

Sikudhani alimtazama. Alikuwa na la kumwambia. Alikuwa nalo tangu miaka hiyo yote, limekomaa, limeiva, halihitaji hata kutafunwa. Lakini mdomo ulikuwa umejaa. Akatikisa kichwa, na maji yakasukasuka mdomoni, akasimama asije akayamwaga. Akanyoosha mkono. Msichana alimngoja kidogo, akaitazama midomo iliyofungwa, kisha sura yake ikatulia kwa namna ya mtu aliyekwisha kuambiwa.

"Nimeelewa," akasema. "Ahsante, mama." Akajifunika, akaingia ndani. Baadaye kidogo vigelegele vikapaa.

Hakuna jambo lililomuumiza Sikudhani maishani mwake kama hilo. Kungwi aliyesema karidhia, angalau alisema kwa furaha na ujinga. Yeye alijua, na alisimama pale ana jibu, akatoa kimya, na kimya chake kikachukuliwa kama vinavyochukuliwa vimya vyote. Alipanda sehemu iliyobaki akilia kwa macho tu. Kiumbe kinywani mwake kilitoa mikono. Mkia wake ulipungua kila hatua mpaka asiuhisi tena, na kikatulia katikati ya ulimi, kimekaa kitako, kizito, kamili.

Barazani alikuta wanamngoja. Vijana walikuwa wamesimama na majembe yao, ila majembe yalikuwa na kutu, na juu ya chungu za udongo nyasi zilikuwa zimeota zikachanua. Ngwali alikuwa amepinda mgongo. Kitini amekaa Jumbe Mwinyimvua. Au mwanawe, au mjukuu wake, sura ni ileile na kanzu ni ileile, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza.

"Karibu, Bi Sikudhani," Jumbe akasema kwa upole wake. "Umechelewa kidogo, si neno. Meza, watu wafanye kazi."

Hakumeza.

Baraza likanong'ona. Jumbe akatabasamu, akasogea mbele ya kiti. Alimwambia kwamba yeye si mtu wa kulazimisha, na hajawahi kumlazimisha mtu. Kama ana pingamizi yupo huru kabisa kulisema, tena sasa hivi, mbele ya wote. Akangoja kwa adabu, akimtazama mwanamke aliyejaza maji mdomoni.

Ngwali, maskini, akaona aibu inamkuta mtu wake, akataka kumsaidia. Akaugusa upatu, akasema kwa sauti yake ya uzee, "Kinamasi kimenyamaza." Na watu wakavuta pumzi kuitikia.

Vyura, kama hujui, hulia mdomo umefungwa. Mashavu ya Sikudhani yalifura, midomo yake haikufunguka hata tundu la sindano, na kutoka ndani ya kichwa chake ikatoka sauti ya bonde: kro. Ile pumzi ya watu ikabaki vifuani. Sauti ikatoka tena, kubwa kuliko mwanzo, ikagonga boriti za baraza. Sikudhani akafungua mdomo. Maji yakamwagika kifuani, na katikati ya ulimi wake ameketi chura wa kijani, anapepesa macho kwenye mwanga kama yeye mwenyewe. Chura akaruka, akaangukia juu ya chungu ya udongo, kwenye majani.

"Sikuridhia," Sikudhani akasema.

Sauti ilikwaruza. Ilikuwa ya msichana, na ya kikongwe, na ya mama yake.

Jumbe aliuliza, na safari hii upole ulikuwa umepungua, ni nani anayesema, yeye au kinamasi. Sikudhani alilifikiri. Lilikuwa swali zuri, na alikuwa amepanda nalo njia nzima bila kulimaliza.

"Nyamaza, Jumbe," akamwambia, "usikie."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo mtu aliyekaa katika kiti kile. Jumbe alifunua kinywa, kikakosa la kutoa. Macho yalimtoka, mikono ikashika kiti. Na kwa kuwa hakuna upatu uliopigwa wala mguu uliotikisika, kutoka bondeni kilio kikapanda polepole, kimoja kimoja kisha chote, kikajaa barazani kama maji yanavyojaa chomboni. Watu walisikiliza. Jumbe alikaa kimya, jasho limemtiririka mpaka kwenye ukosi wa kanzu.

Ngwali akamtazama. Mzee yule alikuwa na mdomo uliozoea kazi moja, nao ukaifanya.

"Jumbe amenyamaza," akasema.

"Ameridhia," watu wakaitikia.

Majembe yakawekwa chini, moja baada ya jingine. Sikudhani peke yake hakuitikia. Alikijua kimya kile na alijua kimetokana na nini. Alimtazama mtu yule aliyejikunyata kitini, akamwonea huruma ambayo hakuitaka, kisha akavua ndara yake iliyobaki, akateremka kwenda kuitafuta nyumba iliyokuwa kando ya njia.